Nimpe nusu ya kampuni mwenzangu aliyeandika programu?

SWALI: Shikamoo mshauri. Naishi Moshi. Kwa mwaka mmoja na nusu naendesha huduma ya kuandikisha maziwa kwa simu katika vituo viwili, kimoja Kibosho, kingine Machame. Mama akileta maziwa asubuhi yanapimwa, karani anaingiza lita kwenye simu, mama anapata ujumbe, na mwisho wa wiki analipwa kwa M-Pesa. Nilianza na daftari. Programu imeandikwa na kijana niliyesoma naye chuo, ambaye ameajiriwa katika taasisi moja ya serikali Arusha. Kazi yangu anaifanya usiku na Jumamosi. Sasa anasema bila yeye hakuna kampuni na anataka asilimia 50. Binamu yangu naye yuko tayari kutoa milioni sita, ila anataka aitwe mwanzilishi. Kuna shindano la ubunifu linalodai cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kabla ya mwisho wa mwezi. Niwape hisa ngapi? – Binti wa Kibosho

JIBU: Marahaba, binti. Najua mwisho wa mwezi unakukimbiza, kwa hiyo nianze na jibu lenyewe. Huyo kijana usimpe nusu, wala usimnyime. Mpe fungu la maana, ila alipate kadiri kazi inavyofanyika, kwa miaka minne, si siku ya kusaini karatasi. Binamu asiwe mwanzilishi. Pesa yake ina mlango wake, nitakuonyesha. Yanayofuata ni sababu, na hizo ndizo utakazozihitaji mkikaa mezani. Ukienda na namba tupu mtavutana tu mpaka mmoja anyamaze kwa hasira.

Hisa za mwanzilishi ni malipo ya kazi ambayo kwa sehemu kubwa bado haijafanyika. Wengi wetu tunazigawa kama shukrani: huyu alinisaidia, huyu ni ndugu, huyu alikuwepo tangu siku ya kwanza. Lakini karani wako hamwandikii mama lita za mwezi ujao, hata kama mama huyo ana ng'ombe watatu wanaokamuliwa vizuri. Anapima kilichofika kituoni asubuhi ile. Wewe unataka kumwandikia mwenzako maziwa ya miaka kumi kwa siku moja. Akihamishiwa Dodoma mwakani, au akichoka tu, hisa zile zinabaki kuwa zake, na kila utakachokijenga baada ya hapo nusu yake ni ya mtu ambaye hayupo. Mwekezaji makini akiona hivyo kwenye orodha ya wanahisa hafiki hata ukurasa wa pili.

Wala si tatizo la hapa kwetu peke yake. Mwaka 2000, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Robin Chase na Antje Danielson walianzisha Zipcar, kampuni ya kukodisha magari kwa saa. Walipeana mkono wa nusu kwa nusu mwanzoni kabisa. Chase akaingia kwenye kazi hiyo mzima mzima. Danielson akabaki na ajira yake Harvard. Mafungu yalikuwa sawa, mizigo haikuwa sawa, na Danielson aliondoka mapema, kampuni ikiwa bado changa. Wote wawili walikuwa wasomi wenye nia njema. Sasa soma tena barua yako: mmoja yuko kituoni saa kumi na mbili asubuhi, mwingine yuko ofisini Arusha.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba nimemdharau kijana. Anaposema bila yeye hakuna kampuni, ana ukweli kiasi. Daftari lako lisingefika vituo kumi. Na wewe ukisema wazo ni lako, nawe una ukweli kiasi, ila wazo la kupima maziwa na kulipa kwa simu wanalo wengi. Ulicho nacho ambacho wengine hawana ni kwamba akina mama wa Kibosho wanakuamini na pesa yao ya maziwa, ile ambayo baba wa nyumba haulizii. Jiulize swali hili peke yako kabla hujaonana naye: ungepata leo milioni ishirini mkononi, ungemlipa mtu yeyote mwenye ujuzi aandike programu upya, au ungemtaka huyu huyu? Kama jibu ni mtu yeyote, basi huhitaji mwanzilishi mwenza. Unahitaji fundi mwenye mkataba, umlipe deni lake la nyuma kwa heshima, muachane vizuri. Kama ni huyu huyu, endelea kusoma.

Nusu ina shida ya pili, nayo ni kura. Chini ya Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, mambo mengi ya kawaida ya wanahisa, ikiwemo kumwondoa mkurugenzi, yanapita kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura. Mambo mazito, kama kubadili katiba ya kampuni, yanataka azimio maalumu, lisilopungua robo tatu. Mkiwa wawili, hamsini kwa hamsini, hakuna azimio hata moja litakalopita siku mtakapokosana. Hamtaweza kumbadilisha mkurugenzi wala kuongeza mtaji. Kitakachobaki ni kubembelezana au kwenda Mahakama Kuu, na kampuni inayolipa akina mama kila wiki haiwezi kusubiri tarehe ya kutajwa kwa kesi. Upande wa pili, mwenye zaidi ya robo anaweza kuzuia azimio maalumu peke yake. Kwa hiyo asilimia 26 si fungu dogo kama linavyosikika. Mweleze hilo kijana, maana wengi wanadhani chini ya nusu ni sawa na kuwa kibarua.

Sasa mahesabu. Sajilini kampuni yenye mtaji wa hisa 10,000, lakini msigawe zote. Wewe chukua 5,500, yeye 500. Katika mkataba wa wanahisa andikeni kwamba kila akikamilisha mwaka mmoja wa kazi mliyoielewana, kampuni itamgawia nyingine 750. Mwishoni mwa mwaka wa pili atakuwa na 2,000 kati ya 7,500 zilizogawiwa, zaidi kidogo ya robo, na hapo anapata ile nguvu ya kuzuia niliyoitaja. Kufikia hapo atakuwa ameistahili. Mwishoni mwa mwaka wa nne ana 3,500 kati ya 9,000, karibu asilimia 39, nawe una 61. Zile 1,000 zinazobaki ziacheni kwa mfanyakazi wa kwanza mzuri mtakayempata. Namba unaweza kuzisogeza. Akikubali kuacha kazi na kuja Moshi moja kwa moja, mimi ningempandisha mpaka 4,500 bila kusitasita, na kiasi cha kila mwaka kiongezeke pia.

Huko Marekani kawaida ni kumpa mtu hisa zote mwanzoni kisha kampuni ikawa na haki ya kuzirudisha kwake kidogo kidogo akiondoka kabla ya miaka minne, na asipofikisha mwaka wa kwanza haondoki na kitu. Kwetu napendelea kugawa taratibu kwa sababu moja ya kiofisi. Kumnyang'anya mtu hisa alizokwisha andikiwa ni uhamisho wa hisa: kuna hati ya kusainiwa, kuna BRELA, na TRA, mamlaka ya mapato, nao wana neno lao la kodi. Mtu aliyekasirika hasaini hati. Hisa ambazo hazijagawiwa hazihitaji saini yake.

Na wewe je? Hapa kijana atakubana, na atakuwa na haki. Hisa zako 5,500 umejipa zote siku ya kwanza. Kwa hiyo kubali sharti linalokubana nawe: ukiondoka kabla ya miaka minne, sehemu yako ambayo haijaiva, yaani ya miaka ambayo hujaifanyia kazi, yeye ana haki ya kuinunua kwa bei ile ile ya kuanzia. Mwaka mmoja na nusu uliokwisha ufanya uhesabiwe kama umeiva. Yeye pia usiku wake wa mwaka mmoja na nusu ndio zile 500 za mwanzo. Kama anaona 500 ni kidogo kwa kazi aliyokwisha ifanya, msikilize, pandisheni ziwe 800. Afadhali mgombane sasa juu ya hisa 300 kuliko baadaye juu ya kampuni.

Ajira yake inanipa wasiwasi kuliko asilimia zake. Mtumishi wa umma ana masharti ya kazi, na kabla hujamwandika kuwa mkurugenzi inabidi ayasome na amweleze mwajiri wake inapotakiwa. Halafu kuna programu yenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kazi anayoiandika mtu kwanza inasimama kwake yeye, si kwako uliyemwomba. Na kazi aliyoiandika mwajiriwa katika kutimiza ajira yake inaweza kuwa ya mwajiri. Muulize bila kumshuku: umewahi kuiandika kwenye kompyuta ya ofisi, saa za ofisi? Kisha mwambie asaini hati ya kuhamishia hakimiliki kwenye kampuni siku ile ile anayoandikiwa hisa zake za kwanza. Hisa mkono huu, programu mkono ule. Usisaini kimoja bila kingine. Na ndiyo maana nilisema usimnyime: kampuni ya Snapchat ililazimika kumlipa Reggie Brown dola milioni 157.5, mtu aliyesoma na waanzilishi wake Chuo Kikuu cha Stanford na aliyedai wazo la mwanzo lilikuwa lake na kwamba alisukumwa nje. Fedha hiyo ingejenga vituo vya maziwa mlima mzima.

Utaniambia mmeshafanya kazi pamoja mwaka mmoja na nusu, mnajuana. Sikubali. Mmefanya kazi kama mteja na fundi. Wewe unaripoti tatizo, yeye anatengeneza, kila mtu anarudi kwake. Hamjawahi kugawana hasara wala kupanga bei pamoja, na hajawahi kusimama mbele ya mama mwenye ndoo anayesema lita zake zimeibwa. Kwa hiyo kabla mkataba haujaanza kuhesabu, jipeni wiki nane za majaribio kama waanzilishi. Awe anakuja kituoni Jumamosi badala ya kukaa na kompyuta huko Arusha. Ashike mzani. Apige simu kwa kiwanda kinachochelewesha malipo. Mkifanya majaribio hayo wakati wa masika, itakuwa heri: majani mengi, maziwa mengi, barabara ya Machame utelezi, umeme unakatika, na mtandao unagoma karani akiwa katikati ya foleni. Hapo utamwona.

Angalia jambo moja hasa. Programu ikikosea na akina mama wakalipwa pungufu, je, anakupigia yeye kwanza, au unaambiwa na karani? Kuna vijana wawili wa Njiro, Arusha, niliowahi kuwashauri, wenye biashara ya kukodisha vifaa vya kambi kwa wapandisha watalii. Wote wachapakazi, marafiki tangu sekondari. Kilichowaangusha ni kwamba mmoja hakuweza kabisa kusema habari mbaya. Mahema yalipotea mlimani, akanyamaza, akayalipia kwa fedha ya mteja mwingine, kisha ya mwingine. Mwenzake alijua miezi mingi baadaye, siku benki iliporudisha hundi. Hakuiba hata senti. Lakini nani angeendelea naye? Ujuzi unafundishika, na hata uvivu una dawa. Anayeficha tatizo kwa sababu anakuheshimu au anakuonea haya ndiye atakayekumaliza, na sisi tuliolelewa kunyamaza mbele ya wakubwa tuna wengi wa namna hiyo.

Katika hizo wiki nane kaeni pia mzungumze fedha za nyumbani. Mnaweza kukutana njia panda ya KIA, ni katikati ya Moshi na Arusha, hakuna atakayelalamika kwamba amemfuata mwenzake. Kila mmoja aseme anahitaji shilingi ngapi kwa mwezi ili aishi, nani anamtegemea, na anaweza kukaa miezi mingapi bila mshahara. Aseme kama anataka kampuni kubwa ya kanda nzima au biashara nzuri ya kumlisha yeye na watoto. Yote ni halali, lakini hayaendi gari moja. Ulizeni nani ana neno la mwisho kwenye programu na nani kwenye vituo. Kama ana mchumba, akutane nawe. Si umbea: chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mali iliyochumwa kwa jitihada za wanandoa inaweza kugawanywa ndoa ikivunjika, na hisa ni mali. Nawe vivyo hivyo.

Tuje kwa binamu. Milioni sita ni fedha nyingi na sitaki uikatae kwa kiburi. Ila mwanzilishi ni mtu anayeamka na tatizo lako kila siku, na kwa maelezo yako yeye hataamka nalo. Akiingia kama mwanzilishi, kikao cha kampuni kitahamia kwenye kikao cha ukoo, na siku mkipata hasara shangazi ndiye atakayekuwa mwenyekiti. Mpe mkopo ulioandikwa: kampuni imekopa milioni sita, italipa lini, kwa riba gani, na kampuni ikifa nini kitatokea. Akitaka kunufaika na ukuaji, andikeni kwamba mwekezaji wa nje akija na kuweka bei ya hisa, mkopo wake utageuka hisa kwa bei nafuu kuliko ya mwekezaji huyo. Mwenye nia njema atakubali. Anayetaka jina tu atakasirika, na utakuwa umejua mapema kwa gharama ya chakula cha mchana.

Mtu anaweza kukushauri muepuke usumbufu huu wote, msajili jina la biashara tu kama ubia wa watu watatu, kwa kuwa ni rahisi na BRELA wanatoa cheti pia. Usikubali. Jina la biashara halizai mtu wa kisheria anayejitegemea. Deni la ubia ni deni lenu ninyi wenyewe. Apple ilianza mwezi Aprili mwaka 1976 kama ubia wa watu watatu: Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne, huyu wa mwisho akiwa na asilimia 10. Siku 12 baadaye Wayne alijitoa, akalipwa dola 800. Leo watu wanamcheka. Lakini wenzake wawili walikuwa vijana wasio na kitu cha kukamatwa, na kampuni ilikuwa inakopa ili kutimiza oda. Mwenye mali ya kufidia deni alikuwa yeye peke yake. Katika kundi lenu, kama binamu ana nyumba au kihamba, yaani shamba la ukoo, cha urithi, Wayne ni yeye. Kampuni yenye ukomo wa hisa, ambayo mwanahisa hadaiwi zaidi ya thamani ya hisa zake, inakulindeni wote, mradi hamsaini dhamana binafsi benki. Hilo la dhamana lisomeni mara mbili.

Kuhusu shindano: kama kijana atakubali mpango huu wiki hii, sajilini kampuni kwa hisa zile 5,500 na 500, na mkataba wa wanahisa usainiwe siku hiyo hiyo mbele ya wakili. Kwa kuwa muda umebana, hapo zile wiki nane za majaribio hazitatangulia mkataba, ziwe mwanzo wa mwaka wake wa kwanza, na mkataba useme kwamba yeyote anaweza kusema basi katika wiki hizo bila kudaiwa sababu. Wekeni mkurugenzi wa tatu asiye ndugu wa yeyote, ili kura za bodi zisilingane. Mwalimu wenu mmoja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kwa mfano, au mtu aliyewahi kuendesha chama cha msingi cha wafugaji. Andikeni pia kwamba ugomvi utaanza kwa msuluhishi kabla ya mahakama, na kwamba mkataba na katiba vikipingana ninyi wawili mtabadili katiba ifuate mkataba. Asipokubali wiki hii, acha shindano lipite. Litarudi mwakani. Hisa ulizokwisha mwandikia mtu hazirudi kirahisi hivyo.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini naliona kila mara. Akaunti ya M-Pesa mnayotumia kulipa imesajiliwa kwa jina la nani? Laini ya simu inayotuma zile jumbe kwa akina mama imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA cha nani? Nywila za seva anazo nani mwingine zaidi yake? Nadhani zote ziko kwa kijana, kwa kuwa ndiye aliyezianzisha, wala si kwa ubaya. Kampuni ikishapata cheti na TIN, yaani namba ya mlipakodi, peleka nyaraka kwa mtoa huduma wa simu na uhamishie akaunti ya M-Pesa na laini kwenye jina la kampuni. Benki fungueni akaunti inayotaka saini za wote wawili. Nywila wekeni kwenye bahasha mbili zilizofungwa, moja kwako, moja kwa wakili. Anza na akaunti ya M-Pesa, maana pesa ya akina mama inapita hapo kila mwisho wa wiki.